Kumjulia Hali Ng'ombe

Kwetu Mtongwe mtu akiugua huendewa. Haijalishi anaumwa na nini, wala kama anataka wageni. Unavaa, unafunga mlango wako, unakwenda, unaketi, unasema pole, unauliza ilianzaje hata kama umeshaambiwa njiani, kisha unatoa mfano wa mtu mwingine aliyeumwa vivyo hivyo akapona, au akafa, kutegemea unavyompenda mgonjwa. Asiyekwenda hukumbukwa. Mama yangu anaweza kukuambia leo hii ni nani hakufika alipovunjika mkono, na mkono huo ulivunjika mimi nikiwa darasa la tatu.

Nimeanza na hayo kwa sababu kazi yangu ni afya ya mifugo. Chuoni tulifundishwa njia zote ambazo virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo husafiria: mate, maziwa, samadi, upepo, magurudumu ya gari, viatu. Adabu haikutajwa. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara.

Jirani yake mama, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, alinunua mtamba mnadani huko juu akamleta kwa lori. Sheria inataka kibali cha kusafirisha mifugo, na kibali alikuwa nacho. Kilikuwa cha mbuzi. Mtamba huyo alikuwa mzuri, mwekundu, na kwa siku chache za kwanza watu walikwenda kumtazama na kusema mashallah. Kisha akaacha kula. Mzee alinipigia simu Jumanne asubuhi akasema mgeni wake hana raha, ametokwa na mate usiku kucha, nipite nimwone nikipata nafasi, hakuna haraka. Nikamwuliza kama anachechemea. Akasema hapana, ila hataki kusimama kwa miguu yote minne kwa pamoja.

Nilipofika niliwakuta watu kumi na wanne ndani ya zizi. Niliwahesabu kwa sababu baadaye ilinibidi niandike. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshatolewa, na birika la kahawa lilikuwa limefika. Mtamba alikuwa amesimama katikati yao, ute unamning'inia kutoka mdomoni hadi chini, akiinua mguu huu, akiuweka, akiinua ule. Kila aliyeingia alifanya lile lile: alisema bismillahi, akamfungua mdomo kwa mikono yake, akautazama ulimi uliobabuka, akasema masikini, akajifuta kwa leso au kikoi, akaketi. Mmoja alikuwa ameshamsugua ulimi kwa limau na chumvi. Ng'ombe yule alikuwa na subira kuniliko.

Kati ya wale kumi na wanne, tisa walikuwa na ng'ombe kwao.

Kuwatoa hakukuwa rahisi. Huwezi kumfukuza mtu aliyekuja kusema pole, hasa ikiwa mtu huyo aliwahi kukubeba mgongoni. Kwanza nilimsalimu kila mmoja, shikamoo na marahaba, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo nikawaambia kwamba wanachofanya ni hatari na watoke wote. Wakaitikia kwa upole mkubwa. Hakuna aliyeinuka. Mzee mwenye ng'ombe akanikumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia msemo huo haukutungwa kwa ajili ya virusi. Akasema haukuvitenga pia.

Mwishowe niliweka ndoo ya dawa mlangoni nikasema kila anayetoka atumbukize viatu. Bibi mmoja akaniuliza kama dawa ile inatengua udhu. Nikasema sijui. Basi akavua ndara zake, akazishika mkononi, akapita kando ya ndoo pekupeku.

Zizi lilipobaki wazi nilifanya kazi yangu vizuri, na nataka hilo lieleweke. Nilivaa gambuti na glovu. Nilikata kipande cha ngozi ya lengelenge kwenye ulimi, nikakiweka kwenye chupa, na chupa kwenye sanduku la barafu. Nilizitazama kwato, nikakuta malengelenge mengine katikati ya vidole. Nilipomaliza nilizisugua gambuti kwa brashi, nyayo na visigino, nikaosha mikono hadi viwiko, nikachoma glovu. Kama kuna mtu angetaka picha ya mafunzo, angenipiga mimi siku ile, mradi asinipige juu ya magoti. Juu ya gambuti nilikuwa nimevaa buibui. Nilikuwa nimelikunja nikalifunga kiunoni, na mtamba alipokitupa kichwa lilifunguka mara mbili, nami nikalikunja tena. Kazi ilipoisha nikalishusha likafika chini, kama kawaida.

Kwa mama ni ua wa tatu kutoka hapo. Wiki ile goti lilikuwa linamsumbua, na nilijua hajaenda kwa jirani. Kupita mlangoni kwa mama mgonjwa wa goti bila kuingia ni kosa ambalo mtu hulisikia mpaka kwenye harusi yake. Nikaingia, nikambusu mkono, nikamwuliza goti.

Ni lazima nieleze ng'ombe wa mama. Bibi yangu, mzaa mama, alipomwoza binti yake alimtoa na mtamba mmoja. Bibi naye alikuwa amefanyiwa hivyo hivyo na mama yake. Ng'ombe huyo hauzwi wala hachinjwi. Akizeeka, huchukua nafasi yake ndama wake jike, na binti naye hupewa wa uzao huo. Tatizo ni kwamba ng'ombe wa sasa, ambaye ni mzee na ana tabia za kizee, alizaa madume matatu mfululizo. Mama alikuwa ameanza kumtazama vibaya. Kisha mwaka huu, ambapo sote tulidhani amekoma, akazaa jike. Mama alinipigia simu alfajiri kunijulisha, na neno la kwanza alilosema si salamu. Alisema, “Amekuja wako.”

Sikuwa na mahali pa kufuga hata kuku. Naishi chumba kimoja Likoni, karibu na barabara ya feri. Lakini tangu siku ile ndama yule alikuwa wangu, na nilipokuwa na siku mbaya kazini nilikuwa nikijiambia kwamba mimi ni mtu mwenye ng'ombe. Nilimpenda. Sioni haya kusema hivyo, ingawa kikazi tunashauriwa tusifanye.

Alikuwa na mchezo mmoja. Alinyonya nguo. Ukisimama karibu naye aliokota upindo wa leso, wa kanzu, wa chochote, akaunyonya huku amefumba macho. Jumanne ile mama alinipeleka zizini nikamwone alivyokua. Nikasimama. Ndama akauokota upindo wa buibui langu akanyonya. Mama akacheka, akasema anakujua huyo. Nilimwacha anyonye kidogo, maana alikuwa akifurahi.

Kisha nikageuka kuwa afisa. Nilimweleza mama habari za jirani, nikamwambia asithubutu kukanyaga kule, na asimruhusu mtu yeyote kuingia kwake. Akasema goti likipoa alikuwa amekusudia kwenda kesho. Nikasema hata kesho. Kwa mama, kutokwenda kumwona mgonjwa wa jirani wa ua wa tatu ni jambo la kuombewa msamaha. Lakini alitii. Alimtumia jirani salamu kwa simu, akasema amezuiwa na serikali, yaani mimi.

Bosi wangu ni mtu wa bara, mpole, mwenye kupenda mpangilio, na ofisi yake iko kisiwani. Nilipomwambia habari ya wageni kumi na wanne aliuliza walikuwa wamekuja kufanya nini. Nikasema kumjulia hali. Akauliza kumjulia hali nani. Nikasema ng'ombe. Akaniomba nisiliandike hivyo kwenye ripoti, niandike “msongamano wa watu”.

Majibu ya maabara yalithibitisha nilichokuwa nimeshakiona. Ikawekwa karantini: hakuna ng'ombe, mbuzi wala kondoo kuingia au kutoka Mtongwe, hakuna maziwa kuuzwa, hakuna mtu kuingia penye mgonjwa. Tukagawana kazi. Mwenzangu mmoja wa Changamwe angeshughulikia nyumba zenye ugonjwa. Mimi ningezunguka na chanjo kwa wale ambao bado wazima, kuanzia mbali kuja karibu. Anayechanja haingii kwenye ugonjwa, na anayetibu haingii kwenye uzima. Bosi akatutia moyo. Alisema sotoka, ugonjwa uliowamaliza ng'ombe wa mababu zetu, ulifutwa duniani kote na watu waliotembea zizi kwa zizi wakiwa na sindano, kwa hiyo hakuna sababu tushindwe na Mtongwe. Niliona hajakaa Mtongwe.

Ili watu wajue, niliomba msikiti utoe tangazo. Hilo lilikuwa wazo langu, siwezi kumsingizia mtu. Kipaza sauti cha msikiti wetu, nje ya adhana, hutumika kwa jambo moja tu: fulani amefariki au yu taabani, maziko au dua ni saa fulani. Jumatano baada ya adhuhuri kikasema kwamba ng'ombe wa mzee fulani ni mgonjwa sana na watu wanaombwa wasiende. Sauti ilikwaruza mwishoni, penye neno “wasiende”. Waliokuwa hawajui sasa wakajua. Mpaka alasiri watu walikuwa wamepanga foleni uani kwa mzee, wengine wametoka mbali wakiwa wamevaa nguo za kutokea, na mama mmoja alikuwa amebeba sinia la mahamri. Mwenzangu wa Changamwe, aliyekuwa peke yake mlangoni na ndoo yake, alinipigia simu akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani hasa amekufa.

Tulitoka hapo na nyumba mbili nyingine zenye ugonjwa kabla wiki haijaisha.

Aliyeokoa mambo ni imamu. Ijumaa alipanda mimbari, hakutaja virusi wala karantini. Alisema tu kwamba dini ilishatuelekeza zamani: penye tauni usiingie, nawe uliyemo usitoke, na mtu anayejua miguu yake imebeba madhara kisha akamwendea jirani, huyo hakumzuru bali amemdhulumu. Alisema hayo kwa utaratibu, akasalisha. Mimi nilikuwa nimehubiri siku tatu kwa makaratasi. Toka mchana ule hakuna aliyemwendea mtu. Watu wa Mtongwe wakiamua kutii, hutii hadi unaogopa. Walianza kusalimiana kutoka ng'ambo ya barabara. Yule bibi wa ndara alikuja mwenyewe kuomba ndoo ya dawa ya kwake, akaiweka mlangoni, akawa anamwogesha miguu hata paka.

Nami nikachanja. Tulifika kwenye mazizi ambayo sikujua yapo, nyuma ya maduka, kando ya kambi ya wanamaji, na moja lililokuwa sebuleni. Nilifurahi. Nilianza kuamini kwamba tutaushika.

Jumapili mama akanipigia simu. Hakuanza na salamu. Alisema, “Wako hanyonyi.”

Nikamwuliza mate. Akasema ndama hana, ila mama yake anayo. Nikamwambia asimguse mtu, asitoke, mwenzangu anakuja. Mwenzangu akaenda. Ng'ombe mzee alikuwa na vidonda, lakini si vibaya; alikuwa amechanjwa mwaka uliopita na bado alikuwa na kinga kidogo. Ndama hakuwa amefikisha umri wa kuchanjwa. Virusi hivi kwa ng'ombe mkubwa hushika mdomo na miguu. Kwa ndama mara nyingi havina haja ya kupita huko, huenda moja kwa moja kwenye moyo. Jumatatu asubuhi, mama akimtazama, ndama alisimama, akamfuata mama yake, akaanguka. Hapakuwa na zaidi ya hapo.

Mwenzangu alinipa pole kwenye simu, kisha akaniuliza swali ambalo ilikuwa lazima aliulize, maana fomu inalitaka. Ugonjwa umeingiaje? Mama hakwenda kokote, goti linamuuma, majirani wanashuhudia. Na amemwuliza ni nani aliyeingia zizini kwake tangu ugonjwa uanze, naye amejibu hakuna mtu.

Nilikuwa nimesimama chumbani kwangu Likoni. Buibui la Jumanne lilikuwa linaning'inia msumarini. Tangu siku ile nilikuwa nikivaa ovaroli ya kazi. Niliushika upindo. Ulikuwa umekauka, mgumu, na mahali pamoja palikuwa na weupe kama wa kamasi. Mama alisema hakuna mtu. Ama hakunihesabu, ama alinificha. Nilikaa kitandani nikalia, kisha nikalitia buibui kwenye ndoo ya dawa, jambo lililokuwa limechelewa kwa siku sita.

Fomu ina mstari unaosema: njia inayodhaniwa ya maambukizi. Nikaandika “afisa wa mifugo”. Bosi akanirudia akiuliza ni afisa gani, jina halikutajwa. Nikamwambia. Akasema mganga hajigangi, akaniambia niendelee na chanjo. Nadhani alitaka kunifariji. Watu wa bara wakijifunza methali zetu huzitumia kwa nia njema.

Jumanne nilimaliza kuchanja mapema, nikaenda hadi kwenye lango la mama. Sikuingia. Lango ni la mbao, limeachana katikati, na unaweza kuona ua wote. Mwenzangu alikuwa amemzika ndama nyuma, kwa chokaa, na udongo ulikuwa bado mpya. Ng'ombe mzee alikuwa amelala anacheua polepole.

Mama alikuwa amefagia ua na kuuandaa. Mkeka ulikuwa umetandikwa, viti sita vimepangwa, jiko la makaa lina moto, na birika liko juu yake. Vikombe vilikuwa kwenye sinia, vimefunikwa kitambaa. Alikuwa ameketi peke yake katikati ya yote hayo, amejitanda leso yake nzuri. Tangu Jumatatu hakuna aliyekuja. Mwanamke huyu kwa miaka zaidi ya arubaini hajakosa ugonjwa wa mtu, wala uzazi, wala msiba, na siku ilipofika zamu yake Mtongwe nzima ilikuwa ndani, imetii. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Kazi yangu ilikuwa imefanikiwa kabisa.

Nikasema hodi. Akasema karibu, kisha akakumbuka, akasema, “Karibu hapo hapo.”

Nikamwamkia, akaitika. Nikampa pole ya ndama. Akasema tumeshapoa, Mungu ndiye mtoaji. Nikamwuliza goti. Akasema goti halijambo. Tukamaliza yote ambayo watu huulizana, na bado nilikuwa nimeshika ubao wa lango.

“Mama,” nikasema, “ni mimi niliyeuleta.”

Alikuwa akipuliza makaa. Hakugeuka. “Najua.”

“Umejuaje?”

“Upindo wako ulikuwa umelowa, na mvua haikunyesha. Niliuona anapounyonya.”

“Ungenifukuza.”

Sasa akageuka akanitazama, na hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu kwamba mtu aliyesomeshwa anaweza kusema jambo kama lile. “Ulikuja kunijulia hali,” akasema. “Ningekufukuzaje?”

Kisha mama akaondoa kitambaa kwenye sinia, akatoa vikombe viwili, akamimina kahawa. Kimoja akakiweka mbele yake, kingine akakiweka mbele ya kiti kilichokuwa karibu zaidi na lango, kiti kitupu, akakisogeza kiti hicho kidogo kinitazame. Amri niliiandika mwenyewe, na nakala yake ilikuwa imegongomewa msumari kwenye lango lile, usawa wa macho yangu: hakuna chochote kuingia wala kutoka. Tukakaa hivyo. Akanisimulia ilivyokuwa toka mwanzo, ingawa nilikuwa nimeshaambiwa, na mimi nikamwuliza ilianzaje. Akanywa kikombe chake. Changu kilipoacha kutoa moshi, akakivuta kwake, akakinywa na hicho.